Barua ya wazi kwa wadhamini: kuta za upande wa watumishi zisiguswe

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini,

YAH: MPANGO WA KUGEUZA UPANDE WA WATUMISHI KUWA UKUMBI WA HARUSI

Waheshimiwa,

Salamu na heshima zangu ziwafikie. Naandika hadharani baada ya njia za faragha kugonga mwamba. Nimekwisha kuwaandikia kwa Kiingereza, nimeonana na meneja wenu, nimejaza karatasi ya maoni pale mapokezi, na nilichoambulia ni shukrani kwa "mchango wangu muhimu". Shukrani sikuziomba. Niliomba jibu.

Kiswahili nimekichagua kwa sababu vikundi ninavyovileta kwenye nyumba yenu ni vya Waswahili tunaoishi hapa Uingereza: Watanzania, Wakenya, Wakongo na wengineo. Wanalipa kiingilio sawa na mgeni mwingine yeyote, na wana haki ya kujua kinachotaka kufanyika. Nakala ya Kiingereza mnayo mezani. Jina la nyumba nimelihifadhi makusudi, ili mpate nafasi ya kubadili uamuzi bila fedheha.

Kwa msomaji asiyeijua, hii ni nyumba ya matofali mekundu iliyojengwa miaka ya 1880 na mwenye viwanda aliyetaka kuishi kama bwana wa mashamba. Mbele kuna sebule, maktaba, chumba cha biliadi na chumba cha kulia. Ukisukuma mlango mmoja mzito uliovikwa kitambaa cha kijani cha kuzuia sauti, unaingia upande wa kaskazini, na hapo ndipo nyumba ilipokuwa ikiendeshwa: jiko, chumba cha kuoshea vyombo, stoo za nyama na samaki, chumba cha maziwa, chumba cha taa, chumba cha visu, ukumbi wa watumishi kulia chakula, na juu kabisa vyumba vyao vya kulala chini ya paa. Mswahili hahitaji kufafanuliwa hili. Mgeni huishia barazani, lakini mambo yote ya nyumba yako uani.

Mpango mliobandika langoni unasema kuta za ndani za upande huo zibomolewe ili jiko na vyumba vinavyolizunguka viwe ukumbi mmoja. Ngazi za nyuma ziondolewe. Ubao wa kengele za kuwaitia watumishi uhamishiwe dukani. Vyumba vya juu viwe vya kulala wageni wa harusi. Upande wa mbele, hata pazia halitaguswa. Yanayonisumbua ni haya yafuatayo.

1. Kuta mnazoziita "za kugawa tu" zina kazi, na kazi hiyo ndiyo historia ya nyumba

Mwaka 1864 msanifu majengo Robert Kerr aliwafundisha matajiri wa Uingereza jinsi ya kujenga. Alisema familia ni jumuiya moja na watumishi ni jumuiya nyingine, na kwamba kila upande una haki ya kuufungia mwenzake mlango. Yanayotendeka huku yasionekane wala kusikika kule. (Haki hiyo haikuwa sawa sana, maana kengele ilivutwa kutoka upande mmoja tu.) Miaka ishirini baadaye nyumba yenu ilijengwa kwa kufuata fikra hiyo hatua kwa hatua, na mtu anaweza kuisoma kwa miguu yake, mradi kuta zipo.

Anzeni jikoni. Dari liko juu sana, kimo cha ghorofa mbili, ili joto na moshi wa jiko la makaa ya mawe vipae juu na kutoka. Madirisha yanatazama kaskazini ili jua lisiongeze joto, na yamewekwa juu kiasi kwamba msichana aliyekuwa akimenya viazi hakuweza kuitazama bustani, wala waliokuwa bustanini hawakumwona yeye. Korido ya kwenda chumba cha kulia ni ndefu na ina kona. Wageni wangu huuliza kwa nini chakula kipelekwe mbali hivyo kipoe njiani. Jibu ni harufu. Tajiri wa enzi hizo alikuwa radhi ale nyama iliyopoa kuliko harufu ya kabichi imfikie sebuleni. Kona ile inaonyesha tabaka la watu kuliko picha zote za mafuta mlizozitundika ngazini, na ninyi mnataka kuinyoosha ili meza za kusukuma zipite.

Halafu stoo. Mpango wenu unazitaja kwa maneno mawili: "vyumba vidogo". Ni vyumba vidogo vilivyotenganishwa kwa akili kubwa, kabla majokofu hayajaingia majumbani. Nyama mbichi ilihitaji ubaridi mkavu, hivyo dirisha la stoo yake lina wavu wa chuma badala ya kioo, na kulabu ziko darini. Samaki hakuwekwa karibu na maziwa, maana maziwa hunasa harufu. Chumba cha maziwa kina rafu za sleti nene kwa sababu jiwe hilo hukaa baridi hata Julai. Mkivunja kuta hizo tatu hamtapata ukumbi wenye "hali ya kihistoria". Mtapata ghala lenye vigae vyeupe upande mmoja.

Chumba cha mtumishi mkuu wa kiume nacho kina hesabu zake. Kiko hatua chache tu kutoka chumba cha kulia, kina dirisha la kuona gari la farasi likifika mlango wa mbele, na ndani yake mna kabati la chuma la vyombo vya fedha. Karo lake limevikwa madini ya risasi badala ya kauri, kwa sababu madini hayo ni laini na glasi ikigonga haivunjiki. Msimamizi wa nyumba, ambaye alikuwa mwanamke, aliwekwa pale ambapo kila msichana angepita mbele ya mlango wake. Ngazi za wanaume na za wanawake hazikukutana. Yote haya yako kwenye mpangilio wa vyumba. Hayako kwenye samani, na hayawezi kuhamishiwa kwenye kibao cha maelezo.

2. Upande huu ni adimu kuliko huo mnaoulinda

Zaidi ya nyumba 1,000 za mashambani za namna hii zilibomolewa Uingereza katika karne ya 20. Zilizonusurika, nyingi zilikatwa upande wa watumishi kwanza. Baada ya vita vya pili wasichana hawakutaka tena kuinama juu ya karo la mtu mwingine, familia ikahamishia jiko kwenye chumba kidogo karibu na sebule, na jengo la nyuma likaachwa livuje hadi likaanguka, au likabomolewa. Kwa hiyo chumba cha kulia cha miaka ya 1880 chenye mbao za mwaloni mtakiona katika kaunti yoyote. Mfululizo kamili wa jiko, karo, stoo, ukumbi na ngazi za nyuma, usioguswa, hauonekani kila siku. Mnataka kukitoa sadaka kilicho haba ili mkitunze kilicho tele, na sijaona mahali popote katika waraka wenu mlipolipima jambo hili.

3. Ubao wa kengele

Naomba niseme kwa ukali kidogo. Ubao ule haukutengenezwa kuwa pambo. Kila kengele inaning'inia kwenye chuma kilichojikunja, na kutoka hapo waya unapita ndani ya kuta, unakata kona kwa vipande vidogo vya shaba, hadi chumbani kwa aliyeita. Kengele ikinyamaza, chuma kile huendelea kutikisika kwa muda, ili mtumishi aliyekuja mbio kutoka udobini aone ni chumba gani kilichoita hata kama hakusikia. Miaka hiyo hiyo kengele za umeme wa betri zilikuwa zimeanza kuingia majumbani, na huko Cragside, Northumberland, Lord Armstrong alikuwa amefika mbali zaidi: maji ya ziwani yalizungusha nyama motoni na kupandisha lifti, na kufikia 1880 nyumba yake ilikuwa na taa za umeme za mvumbuzi Joseph Swan. Mwenye nyumba yenu alibaki na nyaya. Uchaguzi huo una maana, na unaeleweka pale tu nyaya zinapobaki ukutani na ubao unapobaki mwisho wa nyaya hizo. Kuutundika juu ya rafu ya jamu na taulo za jikoni ni kuufanya kichekesho.

4. Watu hawamo

Sensa ya 1891 ilihesabu zaidi ya wanawake na wasichana 1,300,000 wa kazi za ndani Uingereza na Wales. Hakuna kazi nyingine iliyoajiri wanawake wengi kiasi hicho. Kijitabu chenu cha wageni kina kurasa nzima juu ya karatasi za ukutani, na sentensi moja juu ya watumishi: kwamba "walikuwa kama familia". Kama familia! Familia gani hulala chini ya vigae vya paa bila meko, ikaamka kabla ya alfajiri kuwasha meko ya wenzake?

Mgeni akiuliza kwa nini kazi nzito za kubeba maji na makaa zilifanywa na wasichana wa miaka kumi na minne, huku mwanamume mrefu mwenye vifungo vya kung'aa akifungua mlango, mwongozaji wenu hana la kusema. Lipo la kusema. Tangu 1777 serikali ilitoza kodi kwa kila mtumishi wa kiume, na kodi hiyo haikufutwa hadi 1937. Mwanamume ndani ya nyumba alikuwa wa kuonyesha uwezo; msichana alikuwa rahisi, na hakulipiwa kodi. Maelezo mafupi namna hiyo yangebadilisha jinsi mtu anavyozitazama ngazi za nyuma.

5. Chumba cha visu, na sisi

Hapa ndipo vikundi vyangu husimama muda mrefu kuliko mahali pengine, na hapa ndipo kibao chenu kinaposema maneno manne tu: "Visu vya Sheffield, pembe."

Kabla ya 1913, Harry Brearley alipotengeneza chuma kisichoshika kutu huko Sheffield, kisu cha mezani kiliota kutu usiku mmoja tu. Kila baada ya mlo kijana alivisugua kimoja kimoja kwa unga mkali, au alivipitisha kwenye mashine ya mviringo yenye brashi ndani, kama ile mliyo nayo. Na mpini wa pembe ya ndovu haukuzamishwa kwenye maji ya moto, maana pembe hupasuka na gundi iliyoushika huyeyuka. Visu vilisimamishwa ndani ya jagi, bamba chini, maji yakiishia chini ya mpini. Kijana akiharibu, alikatwa mshahara au alifukuzwa.

Pembe ilitoka wapi? Unguja ilikuwa soko kubwa kuliko yote ya pembe Afrika Mashariki. Zilibebwa kwa mabega kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, wapagazi wengi wakiwa Wanyamwezi, wengine wakiwa watumwa, kisha zikavuka bahari. Karafuu zilizo ndani ya chupa ya viungo katika stoo yenu zina njia fupi zaidi: wakati ule Unguja na Pemba ndizo zilizoilisha dunia karafuu, na mashamba yake yaliendeshwa kwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897. Nyumba yenu ilikwisha kuwa na rangi ukutani. Hata mng'ao wa magari ya farasi ya enzi hizo ulitegemea vanishi ya sandarusi, yaani utomvu wa miti uliogandia ardhini, na iliyosifiwa zaidi ilichimbwa kwenye udongo wa Mrima, pwani ya bara inayoikabili Unguja.

Bibi mmoja wa Kitanga katika kikundi changu aliushika mpini ule (naomba radhi, najua hairuhusiwi) akauliza kwa nini hakuna mtu aliyeandika. Nikamwambia ataandikiwa. Sasa mnataka kukigeuza chumba chenyewe kuwa choo.

Na niongeze hili, ingawa halimo katika mpango wenu. Mawazo ya Kerr hayakuishia Uingereza. Maofisa waliokwenda Kenya na Uganda walijenga nyumba zenye jiko lililojitenga na vyumba vya watumishi nyuma, na hadi leo matangazo ya nyumba Nairobi hutaja SQ (servants' quarters, makazi ya watumishi) kama jambo la kawaida. Mtu aliyekulia katika chumba kile cha nyuma, akiingia kwenu, anakuwa ameifikia asili ya chumba hicho. Msimnyime.

Najua majibu yatakayokuja, maana baadhi nimekwisha kuyasikia.

Mtasema fedha hakuna. Ni kweli paa la nyumba kama hii hula fedha bila kushiba, na sina chuki na harusi. Lakini mna banda la magari ya farasi, jengo kubwa lisilo na kuta za ndani, ambalo lilikwisha kugeuzwa gereji zamani na halina tena cha kupoteza. Lina mlango mpana na ua wa kuegesha magari. Kwa nini halikupimwa? Meneja alinijibu kwamba jikoni "panapendeza zaidi kwenye picha". Basi panapendeza kwa sababu ya kile kile mnachotaka kukivunja.

Mtasema wageni huja kuona vyumba vya mbele. Nendeni Lanhydrock, Cornwall. Moto wa Aprili 1881 ulianzia kwenye bomba la moshi la jikoni ukateketeza sehemu kubwa ya nyumba; ilipojengwa upya na Richard Coad, kazi ikakamilika 1885, upande wa jikoni ulipewa uangalifu wa pekee: jiko lenye paa la juu kama ukumbi wa chuo, na chumba cha maziwa kinachopozwa na maji ya chemchemi ya mlimani. Leo watu husafiri kwenda kuuona upande huo hasa. Au Erddig, karibu na Wrexham, ambako familia ya Yorke iliwachora watumishi wake na kuwatungia mashairi. Nyumba ile ilipofunguliwa kwa umma mwaka 1977, wageni waliingizwa kwa nyuma, kupitia yadi za kazi, kabla ya kuona sebule hata moja. Ni karibu nusu karne sasa. Hoja yenu imechakaa.

Mtasema kumbukumbu za watumishi hazipo. Sensa za 1881, 1891 na 1901 ziko wazi kwa kila mtu, zimepangwa nyumba kwa nyumba, zikiwa na jina, umri, kazi na mahali pa kuzaliwa. Ni kazi ya alasiri moja.

Mtasema kuta hazina thamani ya kisanaa. Sheria ya 1990 inayolinda majengo yaliyoorodheshwa haiulizi kama ukuta ni mzuri. Jengo likiorodheshwa, ndani na nje vyote vimo, na karo limo sawasawa na dari la sebule. Halmashauri itakapopokea ombi lenu, nami nitapeleka pingamizi langu.

Na mtasema walemavu wanahitaji lifti. Hapo mna haki, nami nawaunga mkono. Lifti ijengwe. Mahali pake ni stoo ya makaa, ambayo sakafu yake ilikwisha kumwagwa zege, ili ngazi za nyuma zibaki. Wengine katika vikundi vyangu hawawezi kupanda ngazi, na hawajawahi kuviona vyumba vya wasichana.

Basi naomba, na wanaoniunga mkono wanaomba pamoja nami: mwondoe ombi la kubomoa kabla halijafikishwa halmashauri, na banda la magari ya farasi lipimwe badala yake na mtaalamu asiye na maslahi katika biashara ya harusi. Michoro ya awali ya msanifu, ambayo naambiwa mnayo kabatini, ipigwe picha na kuwekwa wazi. Ubao wa kengele usihame hata shubiri moja. Majina ya watumishi waliohesabiwa kwenye sensa yaandikwe kwenye ukuta wa ukumbi wao, kwa herufi kubwa kama zile za wafadhili wenu pale mlangoni. Na kibao cha chumba cha visu kiandikwe upya, kitaje Unguja, Bagamoyo na 1897. Rasimu ya Kiswahili niko tayari kuwaandalia bila malipo.

Nasubiri jibu la maandishi kutoka kwa Bodi yenyewe kabla ya mwisho wa mwezi huu. Simu kutoka idara ya mawasiliano haitatosha.

Wenu kwa heshima,

Mwongozaji wa vikundi vya Waswahili,
Midlands, Uingereza